Meza ya Mwanaheri Haijafungwa

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, lakini leo siwezi kuwatajia kwa sababu limehifadhiwa kwenye seva kuu, na seva kuu imekwama. Ikikwamuka mtaambiwa. Kwa sasa iiteni mpendavyo. Wengi wenu mnaijua hata bila jina.

Zamani kila ofisi ilikuwa na kompyuta yake, yenye tumbo, na faili za mtu zilikaa humo tumboni. Serikali ikaona huo ni ubinafsi. Waziri wa Mitambo na Maendeleo ya Mitambo akasimama uwanjani, kavaa miwani ya jua na mvua inamnyeshea, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna mtumishi atakayemiliki kompyuta. Kompyuta itakuwa moja, kubwa, ya taifa zima, na itakaa makao makuu katika chumba chenye baridi kuliko Ulaya! Nyinyi mtapewa vioo. Mtumishi akiwasha kioo chake, hata awe porini na nyani, meza yake itamfuata kwa waya kutoka makao makuu. Faili zake, barua zake, mihuri yake, vyote vitatokea mbele yake! Nani kama sisi?"

"Hakunaaa!" tukajibu, maana tulikuwa tumegawiwa fulana.

"Na wafanyakazi hewa, wale wanaokula mishahara hawapo? Wamekwisha! Tangu leo mtumishi aliye hai ni yule ambaye meza yake iko wazi. Meza wazi, mtu yupo. Meza imefungwa, mtu hayupo. Seva haisemi uongo!"

Tukapiga makofi mpaka fulana zikapasuka kwapani. Kama kulikuwa na mtu aliyejiuliza itakuwaje meza ikiwa wazi na mtu hayupo, alijiuliza kimoyomoyo, akaenda kula pilau kama sisi wengine.

*

Ikaja kujulikana kwamba seva ina viti, kama ukumbi wa harusi. Walioingia wameingia, na vikijaa wengine mnasubiri nje. Viti vikanunuliwa pungufu, kwa sababu fulana nazo hazikuokotwa barabarani. Kwa wilaya yetu ikawa kila idara kiti kimoja. Ukitoka kwenye meza yako, kiti kinarudi makao makuu, kinapewa aliye mbele ya foleni ya taifa, na wewe unaanza kusubiri nyuma ya wote. Idara ya Mifugo walitoka mara moja tu, kwa adabu, kama walivyofundishwa kwenye semina: ukimaliza kazi, bonyeza Ondoka. Mpaka leo ng'ombe wa wilaya hii hawatambuliki kiserikali.

Basi watu wakajifunza. Hakuna kubonyeza Ondoka. Waziri aliposikia akatoa amri kwamba meza isiyoguswa kwa robo saa itajifunga yenyewe. Watu wakajifunza tena. Kila ofisi ikanunua feni ya kuzungusha shingo. Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, unafunga uzi kutoka shingo ya feni hadi kwenye kipanya cha kompyuta, na upande wa pili wa kipanya unafunga mpira wa manati, mwisho wake umepigiliwa mezani. Feni ikigeuka huku, uzi unavuta. Ikigeuka kule, mpira unarudisha. Usiku kucha kipanya kinakwenda na kurudi kama mtu mwenye mawazo. Makao makuu wakatazama, wakaona wilaya yetu hailali, wakatuletea cheti.

Na umeme ukikatika? Msiwe na wasiwasi. Jenereta la hospitali lilihamishiwa ofisi ya wilaya. Mgonjwa anaweza kusubiri. Kiti hakisubiri.

*

Sasa Mwanaheri. Alikuwa Idara ya Vifo, dirisha la mwisho, pale ukumbi unapokata kona kwenda msalani. Kazi yake ilikuwa kuandika waliofariki na kutoa kibali cha kuzika. Bila kibali chake, chumba cha maiti hawakupi mtu wako hata ulie damu. Alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake inafika sokoni bila kupaza, na umbea aliupenda kama ninavyoupenda mimi. Mimi nauza chai ng'ambo ya lango la ofisi, na chai yake nilikuwa naipeleka mwenyewe ili nipate kukaa.

Lakini mfiwa akitokea dirishani, Mwanaheri aliacha kila kitu. Aliinuka kitini, akazunguka, akatoka nje, akamshika yule mtu mikono yote miwili, akampa pole. Ndipo alirudi kuandika. Mkurugenzi wa Wilaya, Bwana Mtengeti, alimkanya mbele ya watu.

"Bi Mwanaheri, pole haimo kwenye mfumo."

"Ndiyo maana naileta kwa miguu, Bwana Mkurugenzi."

Mumewe ni Ngwali, fundi wa makochi, yule mwenye banda nyuma ya soko la nguo. Mtu kimya! Tulikuwa tunawatania kwamba siku ya ndoa yao maneno yote yaligawiwa upande mmoja. Kila mchana Ngwali alikuja na chakula kwenye hotipoti, akakaa kwenye benchi la wafiwa akimsubiri mkewe amalize. Mwanaheri alikuwa anaongea kwa niaba ya wote wawili, na Ngwali anacheka kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu moja asubuhi nimempelekea chai na habari ya harusi ya jirani iliyovunjika kwa sababu ya bwana harusi kukosea nyumba. Mwanaheri alicheka, wallahi, alicheka mpaka akashika kifua. Akainamia meza. Mimi nikadhani bado anacheka, nikaendelea kusimulia. Nilifika mpaka pale bibi harusi anapovua viatu.

Aliyegundua ni Sikudhani wa Idara ya Ardhi, dirisha la jirani. "Mwanaheri? Mwanaheri we! Mama Tumu, nyamaza kwanza. Hebu nyamaza!"

Tulikuwa hatujamfunika hata khanga. Mkurugenzi Mtengeti akatokea mlangoni, akamtazama marehemu, akakitazama kioo, akapiga ukelele ambao nilidhani ni wa msiba.

"Kipanya! Mtu atikise kipanya!"

Mkono wa Mwanaheri ulikuwa bado umelala juu ya kipanya. Sikudhani akautoa taratibu, kidole kwa kidole, akaweka wa kwake.

*

Kwetu maiti haikai. Mwanaheri alipitishwa chumba cha maiti kama sheria itakavyo, na adhuhuri nyumba ya Ngwali ilikuwa imejaa hadi barazani, masufuria yameinjikwa, vijana wameshika majembe, kaburi limechimbwa. Ngwali akaja ofisini kuchukua kibali cha mkewe.

Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kile kiti, macho mekundu. Asubuhi yote alikuwa ameandika wafu wengine kwa meza ya Mwanaheri, maana ndiyo ilikuwa wazi, na vibali vilikuwa vinatoka vizuri, chini vimeandikwa: *Umehudumiwa na Mwanaheri. Karibu tena.*

"Keti, shemeji. Hii haichukui muda."

Akaandika jina. Kioo kikafikiri. Kikajibu kwa maandishi mekundu: *Mtumishi haruhusiwi kujihudumia mwenyewe.*

"Imesemaje?" Ngwali aliuliza.

"Inasema... Subiri, shemeji, nitajaribu tena."

Akajaribu tena. Mtambo ulikuwa na maadili mema. Ulikuwa umetengenezwa kuzuia mafisadi wasijiandikie posho wenyewe, na ukamzuia Mwanaheri asijiandikie kifo.

Ngwali akaenda chumba cha maiti. Msimamizi wa pale, Bwana Chilumba, ni mtu mwema, alimpa kiti na maji. Halafu akakigeuza kioo chake ili Ngwali aone.

"Mzee wangu, raia anatoka hapa kwa kibali. Mtumishi wa serikali ana waraka wake. Anatoka meza yake ikifungwa, na kibali hahitaji. Sasa tazama mwenyewe. Mkeo yuko kazini. Tena leo kachapa kazi kuliko wiki yote iliyopita."

"Mke wangu yuko kwenye jokofu lako."

"Najua, mzee. Ni mimi niliyemwingiza. Lakini mimi ni macho mawili tu. Ile ni serikali."

"Meza ikifungwa?"

"Ikifungwa hata sasa hivi, njoo na jeneza, sitakuuliza neno. Lakini usikawie, mzee wangu. Jenereta letu walilichukua wa ofisi ya wilaya. Umeme wenyewe unaujua ulivyo. Ukikatika sana, mimi sina la kumfanyia."

*

Pale ofisini tuna mtaalamu wa mitambo, kijana anaitwa Lugome, mwenye kitambulisho kirefu kuliko tai. Lugome alikuja, akakishika kioo, akachungulia nyuma yake, akapuliza vumbi.

"Tatizo haliko hapa," akasema. "Hiki ni dirisha tu. Meza yenyewe iko kule. Ama itulie robo saa ijifunge, ama makao makuu waifunge."

"Basi itulie," akasema Ngwali.

"Marufuku!" Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mzee Ngwali, msiba huu ni wetu sote. Mimi binafsi sijanywa chai tangu asubuhi. Lakini meza hii ikijifunga, wilaya inapoteza kiti cha vifo. Tutasubiri mwaka, pengine miwili. Watu watakufa bila utaratibu! Unataka hivyo?"

Wakapiga simu makao makuu, sauti ikawekwa juu tusikie sote. Muziki ulipigwa kwanza, mrefu, wa kinanda. Halafu akatokea dada mwenye sauti ya asali.

"Asante kwa kupiga Huduma ya Meza. Nikusaidie nini?"

"Tunaomba mfunge meza moja," akasema Lugome. "Mwenyewe amefariki."

"Poleni sana. Naomba mwenyewe aje kwenye simu athibitishe."

"Dada, amefariki."

"Nimesikia, kaka. Nimesema poleni. Lakini kwenye kioo changu naona yuko mezani hapo hapo. Hebu mpe simu."

Lugome akamtazama Ngwali. Ngwali akaitazama simu.

"Basi izimeni seva nzima na kuiwasha," akasema Lugome, na hapo alionyesha elimu yake. "Ikiwaka, kila meza itakuwa imefungwa."

Sauti ya asali ikachacha. "Kuzima? Kaka, unajua humo ndani kuna nini? Humo kuna Hotuba."

Sote tukasimama wima, hata aliyekuwa anatoka msalani.

Hotuba ni ile ya Mtukufu Kiongozi, ya sikukuu ya taifa. Alianza kuiandika kabla ya masika ya mwaka juzi, na hajaihifadhi. Wasaidizi wamembembeleza abonyeze Hifadhi, amekataa, kwa sababu mtu huhifadhi kitu kilichokwisha, na Mtukufu hajawahi kukubali kwamba chochote chake kimefika mwisho. Seva ikizimwa, Hotuba inapotea. Kwa hiyo seva haizimwi. Inakohoa, inazidi kuwa nzito, meza za mikoa mizima zimeganda humo ndani, lakini haizimwi.

"Kuna jingine naweza kukusaidia?" dada akauliza. "Nakutakia siku njema."

*

Jamani, mimi napenda nyumba ikijaa. Msiba ukiwa na watu, hata majonzi yanapata pa kukaa. Siku za mwanzo kwa Ngwali hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Wanawake jikoni, wanaume kwenye turubai, watoto wanakimbizana kati ya masufuria. Lakini matanga huhesabiwa tangu kuzika, na huku hatujazika. Watu wakawa hawajui waage lini. Wa mbali wakaanza kusema mahindi yao yanaliwa na nyani. Wa karibu wakaanza kuja jioni tu. Mwenye turubai akaja kuliomba, ana harusi. Kaburi likajaa maji ya mvua, wakalichota, likajaa tena, wakaliacha.

Mwishowe tukabaki mimi, Sikudhani na dada yake marehemu, tumekaa kwenye mikeka mipana kama wageni waliokosea siku. Ngwali alikuwa ananiambia, "Mama Tumu, ongea." Mimi nikawa sina la kuongea. Fikiria, mimi!

Katikati ya hayo ikatangazwa kwamba Mtumishi Hodari wa Wilaya ni Mwanaheri. Makao makuu walikuwa wameona meza yake haitulii, mchana kwa mkono wa Sikudhani, usiku kwa feni, haendi likizo, haumwi, hadai. Sherehe ikafanyika kwenye viwanja vya ofisi, na kwa uungwana Mkurugenzi akamwalika Ngwali akapokee zawadi.

"Bi Mwanaheri," akasema Mkurugenzi kwenye kipaza sauti, "ameshindwa kujumuika nasi kutokana na kubanwa na majukumu. Ndivyo walivyo wachapa kazi! Wangapi kati yenu mnaweza kuiga mfano wake? Wangapi?"

Hakuna aliyejitokeza.

Ngwali akapewa cheti na saa ya ukutani. Akainama kushukuru, kwa sababu alilelewa vizuri. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Mama Tumu, mkasi wako uko wapi?"

*

Alikuja kukata uzi. Tuelewane hapo, watu wamesema mengi mjini. Alikuja asubuhi na mapema kabla ya Sikudhani, na mkasi wangu wa kukatia karatasi za maandazi, apate kukata uzi wa feni na kukaa mlangoni kwa robo saa asiingie mtu. Nilimfuata na birika, kwa sababu sikutaka awe peke yake.

Tukakuta foleni. Wafiwa huamka mapema. Mbele alikuwa mama mmoja wa makamo, kajifunga khanga kiunoni, mikono imejaa unga uliokauka kama mtu aliyeitwa katikati ya kukanda.

"Kaka, ndiwe wa vifo?"

"Hapana, dada."

"Lakini unaingia mule."

"Naingia kufunga."

Neno likaenda nyuma kwa foleni, anafunga, anafunga, mpaka likafika kwa mwanamume aliyeketi chini ukutani, akainuka. Hawakumtukana. Laiti wangemtukana! Yule mama alimshika tu mkono, akasema, "Kaka yangu, niandikie mume wangu kwanza. Huyu mmoja tu. Halafu ufunge."

Ngwali alisimama pale na mkasi. Nilimwona akimtazama yule mama mikononi, kwenye ule unga. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha mkewe, akauweka mkasi juu ya droo, akafungua uzi wa feni kwa vidole bila kuukata, akakishika kipanya.

"Mama Tumu, niitie Sikudhani anifundishe."

Sikudhani akamfundisha. Ngwali alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anapigilia misumari ya kochi. Akamwandikia yule mama. Kabla ya kumpa kibali alitoka nje akampa pole, alivyokuwa akiona mkewe akifanya kutoka kwenye lile benchi. Akarudi, akasema, "Nikimaliza na huyu wa pili, nafunga." Kisha wa tatu. Kila aliyefika dirishani alikuwa na mtu wake kwa Chilumba, anasubiri kutolewa, na Ngwali ndiye mtu pekee wilaya nzima aliyejua vizuri maana ya hilo.

Mkurugenzi alipoona akafurahi mno. Akamteua Mzalendo wa Kujitolea, akampiga picha ameshika kipanya. Ngwali akawa anafunga banda lake asubuhi na kuja. Nilimuuliza, "Shemeji, mpaka lini?" Akanijibu, "Foleni ikikatika tu, naacha. Mwanaheri hawezi kukasirika nikimaliza foleni."

Sasa niambieni nyinyi mliosoma: foleni ya vifo inakatika lini?

*

Ilikatika Ijumaa.

Asubuhi ya siku hiyo Bwana Chilumba alikuja mwenyewe dirishani, kavua kofia. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, ukarudi, ukakatika. "Mzee wangu," akasema, na hakuweza kumtazama. "Kama ni kumzika, iwe leo. Kesho sitaki umwone." Ngwali akaitikia kwa kichwa, akaendelea na aliyekuwa mbele yake.

Adhuhuri wanaume wakaenda msikitini, wengine wakaenda kula. Sikudhani akafuata mtoto shuleni. Mkurugenzi alikuwa ameitwa makao makuu kwenye semina ya kubonyeza Ondoka. Nilipofika na chai, ukumbi ulikuwa mweupe. Benchi tupu. Dirishani hakuna mtu. Ngwali alikuwa amekaa, mikono yote miwili juu ya mapaja, anakitazama kipanya kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

"Nimeacha, Mama Tumu," akasema. "Foleni imekatika. Kaa nami."

Nikakaa. Nje jenereta la hospitali lilikuwa linanguruma, linawasha kioo chetu. Chai ikapoa. Ngwali alinieleza mambo ambayo sikuwahi kusikia kwake, maneno marefu kwa mtu kama yule. Kwamba vijana wako tayari na majembe, amewapanga tangu asubuhi. Kwamba sanda anayo, ameinunua upya. Kwamba kaburi la kwanza aliliacha, amechimbisha jingine pa juu, maji hayafiki.

Kioo kikafifia kidogo. Halafu katikati yake likatokea dirisha dogo jeupe. Hakuna mtu aliyewahi kuliona katika wilaya yetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuacha kipanya kitulie. Ngwali akasogeza uso, akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"*Mwanaheri, bado upo? Gusa kipanya kama bado upo.*"

Na chini yake namba zinashuka.

Ngwali aliufunika mdomo kwa kiganja. Siku zote zile, Mkurugenzi hakuuliza hivyo, wala yule dada wa sauti ya asali, wala aliyeleta saa ya ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilimshika mgongoni. Namba ziliendelea kushuka.

Tukasikia miguu ukumbini.

Alikuwa kijana mwembamba, shati halijafungwa vizuri, na mama mtu mzima nyuma yake. Kijana alibeba kifurushi cha khanga kifuani, kidogo sana, na alikuwa anatembea kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuamsha.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Kule kwa Chilumba hawakumpokea, umeme hakuna. Wametuambia tumzike tu, lakini lazima kwanza... wametuambia hapa ndipo wanapo..."

Hakumalizia. Ngwali alikitazama kioo, zile namba. Akakitazama kifurushi. Kisha akanyoosha mkono, akakigusa kipanya, polepole, na lile dirisha jeupe likatoweka, na meza ya Mwanaheri ikang'aa tena kama imeamka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Keti hapo. Mpakate vizuri. Marehemu anaitwa nani?"

Kijana akamtazama yule mama. Yule mama akatazama chini.

"Alikuwa hajapewa jina," kijana akasema. "Asubuhi hii tu ndiyo amezaliwa. Huwezi kuacha hapo pakiwa wazi, mzee?"

Ngwali alijaribu. Aliacha wazi, akabonyeza. Maandishi mekundu. Akajaribu tena, akitumaini kwa niaba yao.

"Mtambo hautaki, mwanangu. Unataka jina."

"Mama yake ndiye alikuwa nalo," akasema yule mama mtu mzima. "Yuko wodini. Alisema atatuambia siku ya saba."

"Mpigieni simu," akasema Ngwali.

Kijana akatoa simu, akakosea namba, akaanza upya. Ikaita. Tukasikia upande wa pili sauti ndogo ya msichana ikisema haloo, kijana akamuuliza jina la mtoto, kisha akawa amesimama na simu sikioni na kifurushi kifuani, anatuangalia, hajui amharakishe au amwache afikiri.

"Asimharakishe," Ngwali akanong'ona kwa yule mama, mkono wake ukikisogeza kipanya huku na huku. "Mwambie achague taratibu. Mimi sina haraka."